Barua ya wazi kwa wakuu wa Lualaba: shule zetu za Serikali na njia ya kufika Polytechnique

Kwa Mheshimiwa Mama Gavana wa Jimbo la Lualaba,
Kwa Waheshimiwa wabunge wa jimbo,
Kwa Proved (mkuu wa elimu wa jimbo), wainspekta, na waratibu wa shule konvansione za makanisa,
Kwa wakurugenzi wa kampuni za migodi zinazofanya kazi katika udongo wetu,



Kila mwaka matokeo ya Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, yanapotoka, Kolwezi nzima inajua bila kuuliza. Simu zinalia, poda nyeupe inamwagwa vichwani mwa vijana, pikipiki zinapiga honi kutoka Manika hadi Dilala, na wazazi waliohangaika miaka kumi na miwili na makuta ya shule wanapata siku moja ya kupumua. Furaha hiyo ni haki yao. Katika wiki zinazofuata shule zinatangaza asilimia zao, na wakuu wanataja redioni ni wangapi wamefaulu katika jimbo. Barua hii inahusu yanayokuja baadaye, wakati vijana hao hao wanapoingia Fakilte ya Polytechnique ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), au ya tiba, au wanapoomba bourse ya kusoma nje ya nchi, na kugundua kwamba walichofundishwa hakifiki pale wanapoulizwa. Ninachodai ni hiki: shule za Serikali za mijini mwa Lualaba, zile zinazosimamiwa na Serikali moja kwa moja na zile zilizo mikononi mwa makanisa, zimepangwa ili mtoto apate diploma. Hazikupangwa ili aweze masomo magumu yanayoifuata. Na ninyi mnaosoma barua hii mna sheria, na mna makuta, ya kuligeuza jambo hilo.

1. Nianze na kipimo chenyewe. Exetat ilianzishwa mwaka 1967, nami siidharau. Nchi kubwa kama yetu ilihitaji mtihani mmoja ambao mtoto wa Sandoa na mtoto wa Gombe wanaufanya siku moja, kwa kanuni moja, na diploma yake imewafikisha wengi mbali. Lakini tuuangalie ulivyo. Ukiacha hors-session, sehemu inayotangulia, ambamo mna insha ya Kifaransa, siku nne za session zinapita kwa maswali ya kuchagua: swali, majibu yamepangwa chini yake, mtoto anatia alama penye jibu moja. Nusu ya pointi inatosha kumpa diploma. Mtihani wa aina hii unaweza kuonyesha kama mtoto anaikumbuka fomula. Hauonyeshi kama anajua ilikotoka, wala kama anaweza kuitumia pale swali lisipofanana na lile la mwaka jana. Na kwa kuwa shule inasifiwa au kulaumiwa kwa asilimia ya waliofaulu, mwalimu anafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya mahali pake. Mwaka wa mwisho wa humanités, yaani sekondari ya juu, unageuka mazoezi ya items, maswali ya mtihani ya miaka iliyopita. Mtoto anajifunza kuondoa majibu mawili yasiyowezekana na kukisia kati ya yanayobaki. Anaweza kufika mwisho wa miaka sita ya sekondari bila kuandika uthibitisho mmoja wa hesabu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho kwenye karatasi tupu.

Sasa mfuateni mtoto huyo Lubumbashi. Katika mwaka wa kwanza wa Polytechnique anakutana na analizi, aljebra, jiometri ya kuchora, fizikia na kemia, na kila mwalimu anamtaka aonyeshe hatua zake. Jibu sahihi bila hoja halina pointi nyingi. Hakuna orodha ya majibu ya kukisia. Profesa anachukulia kwamba limiti, vekta na trigonometria zimekwisha kueleweka sekondari, anaanzia pale mwanafunzi alipopaswa kuwa, na katika muda wa mwezi mmoja ameshaenda mbali. Kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule yake ya Kolwezi anaanza kujiona mjinga, naye si mjinga. Alipewa mafunzo ya mtihani mmoja, akaufaulu vizuri, kisha akapelekwa kwenye mtihani wa aina nyingine ambao hakuna aliyemwambia kwamba upo. Naacha kando majibu yanayouzwa kwa simu usiku wa kuamkia session, na michango inayoombwa kwa ajili ya vituo vya mtihani. Hayo ni maradhi yanayojulikana na yamekwisha kusemwa sana. Hata Exetat iliyo safi kabisa ingebaki na kasoro ninayoieleza hapa, kwa sababu kasoro yenyewe ni kuifanya mwisho wa safari ya shule na kipimo pekee cha wakuu wake.

2. Kipimo kibaya kinazaa ratiba mbaya, na hapo ndipo madhara ni makubwa zaidi. Sekta ya sayansi ndiyo njia ya kwenda Polytechnique na tiba, na ndiyo ghali kuliko sekta nyingi za kawaida. Inataka maabara, maji, umeme, kemikali zinazoisha na kununuliwa tena, na walimu ambao kampuni za migodi nazo zinawatamani. Sekta ya pedagojia au ya biashara inahitaji ubao na chaki. Prefe (mkuu wa shule) asiye na bajeti anafungua kile anachoweza kulipia, na mtoto mwenye kipaji cha fizikia katika mtaa wenye sekta ya biashara peke yake anakuwa mtu wa biashara kwa sababu shule nyingine iko mbali. Palipo na sekta ya sayansi, mara nyingi sayansi inasomwa kama historia: mwalimu anaeleza jinsi asidi inavyokutana na besi, wanafunzi wananakili rangi ya kiashirio bila kuiona. Programu mpya za Domeni ya Sayansi, zinazoanzia darasa la 7, zimeandikwa kwa namna tofauti kabisa. Zinamtaka mtoto aanze na hali halisi, apime, ajadili, atumie hata kompyuta. Ni kazi nzuri. Waziri wa elimu aliyeteuliwa mwaka 2024, Mama Raïssa Malu, ni mwanafizikia aliyeanzisha Wiki ya Sayansi na Teknolojia katika nchi hii, kwa hiyo huko juu hakuna wa kushawishiwa kwamba sayansi ni ya mikono. Lakini programu ikitua katika darasa lenye watoto wamejazana, lisilo na umeme, inabaki maandishi.

Niseme neno juu ya umeme, maana kwetu lina uzito wake. Mto Lualaba unazuiwa Nzilo, si mbali na mji wetu, na tena Nseke, tangu miaka ya 1950. Kituo cha Nzilo kilijengwa kuwa na uwezo wa megawati 108, na kilijengwa kwa ajili ya migodi. Nyaya zake zinapita juu ya mitaa yetu kwenda kuyeyusha na kusafisha shaba. Miaka sabini baadaye, katika mji uliokua kando ya umeme huo, bado kuna madarasa ya humanités ambayo somo la kompyuta linafundishwa kwa kuchora kibodi ubaoni. Siombi mtambo mpya. Naomba nyaya chache kutoka kwenye ule ambao tayari upo, zifike kwenye maabara za shule na zihesabiwe kuwa muhimu kama pampu ya mgodi.

Kuna pia lugha. Mtoto wa Kolwezi anacheza, anagombana na kuota kwa Kiswahili, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inatambua nafasi ya lugha za taifa katika miaka ya kwanza ya shule. Baadaye Kifaransa kinachukua kila kitu, nacho kinafundishwa zaidi kama sarufi ya kukariri kuliko kama chombo cha kufikiri na kuandika. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2022 kwamba katika nchi yetu watoto 97 kwa kila 100 wenye umri wa miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa andiko rahisi. Wanaofika humanités ni waliochujwa katika kundi hilo, na wengi wanaufikia mwaka wa mwisho wakiwa wanasoma sentensi bila kuishika hoja ya ukurasa mzima. Chuo kikuu kinawakabidhi silabasi nene za Kifaransa tangu wiki ya kwanza. Bourse za nje zinawaomba barua ya kujieleza, kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Kijana anayejua hesabu anaanguka kwenye barua hiyo.

3. Wazazi wenye uwezo wameshaujua zamani udhaifu huu wa shule zetu, na wameshajitafutia njia. Wanalipa shule za binafsi za hapa mjini, wanawapeleka watoto Lubumbashi kwenye shule zenye jina, wengine wanavuka Kasumbalesa kwenda Zambia kutafuta Kiingereza. Jioni wanamlipa mwalimu wa hesabu aje nyumbani, na mara nyingi mwalimu huyo ndiye yule yule anayefundisha mchana katika shule ya Serikali. Siwalaumu, mzazi anafanya analoweza. Nawaomba wakuu waone maana yake. Fakilte zinazotafutwa sana huchuja waombaji kwa asilimia ya diploma au kwa mtihani wa kuingia, na bourse ya Excellentia ya Wakfu wa Denise Nyakeru Tshisekedi inawatafuta wale waliopata alama za juu kabisa katika Exetat. Mashindano hayo yanaonekana ya haki kwa sababu maswali ni yale yale kwa wote. Lakini mmoja ameingia akiwa na maabara, vitabu na mwalimu wa jioni, na mwingine ameingia na daftari lililonakiliwa ubaoni. Usawa wa siku ya mtihani hauwezi kufuta miaka sita isiyo na usawa.

Watoto wa kike wanabeba mzigo huu mara mbili. Makuta yakipungua nyumbani, anayetolewa kwenye sekta ya mbali na ghali mara nyingi ni msichana, anarudishwa kwenye ile ya karibu, hata kama pointi zake za fizikia zinamshinda kaka yake.

4. Mtaniuliza kwa nini nasisitiza Polytechnique na tiba wakati jimbo lina shida nyingi. Jibu liko chini ya miguu yetu. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa ya kobalti hiyo inatoka hapa Lualaba. Mwaka 2024 uzalishaji wa shaba wa nchi ulizidi tani milioni 3. Kamoa-Kakula, iliyoanza kutoa shaba mwaka 2021, iko mlangoni mwa mji. KCC, Mutanda, COMMUS, Sicomines, Metalkol na Tenke Fungurume zote zinahitaji wahandisi wa madini, wa kemia, wa umeme, wa jiolojia, na madaktari wa kuwatibu wafanyakazi wao. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya sous-traitance inayowawekea Wakongomani kazi za kandarasi ndogo. Sheria hiyo ni nzuri kwenye karatasi, lakini kampuni ya Kikongomani isiyo na mhandisi wake italazimika kukodi mhandisi wa mtu mwingine, au itabaki kampuni ya jina tu inayokusanya asilimia yake. Nani atasoma ripoti ya maabara inayosema maji ya mto Musonoie yana asidi kiasi gani? Nani atahesabu, kwa niaba ya jimbo, kiasi cha kobalti kilichomo ndani ya lori la haidroksidi linaloelekea mpakani, ili mrabaha ulipwe kwa haki? Kazi hizo haziwezi kukabidhiwa mtu aliyekariri items.

Historia yetu imeshaonyesha gharama ya kukosa wasomi wa namna hiyo. Tulipopata uhuru mwaka 1960, Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika hata 30 katika nchi nzima. Ukoloni uliwataka watu wetu wawe makarani, wauguzi na wafanyakazi wenye ujuzi wa mikono, na Union Minière ilijenga shule zake kwa kipimo hicho. Baada ya migodi kutaifishwa mwaka 1967, Gécamines iliendeleza mtandao wa shule uliokuwa na vifaa, walimu waliolipwa kwa wakati na vijana waliofika Polytechnique kwa wingi. Tusiipambe kupita kiasi: ilikuwa shule ya watoto wa wafanyakazi wake, na mtoto wa muuza soko aliiangalia kwa nje. Lakini ilithibitisha kwamba watoto wa Kolwezi wakipewa maabara na mwalimu aliyeshiba wanaweza hesabu ya aina yoyote. Mtandao huo uliporomoka pamoja na kampuni, baada ya mgodi wa Kamoto kubomoka mwaka 1990, na baada ya zaidi ya wafanyakazi 10,000 kuondoka kwa «départ volontaire» ya miaka ya 2003 na 2004. Migodi imefufuka. Shule hazikufufuka pamoja nayo.

5. Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyajibu kabla.

Watasema elimu ni jambo la Kinshasa. Mishahara ya walimu inatoka Kinshasa, ni kweli, na mgomo wa Septemba 2024 ulitukumbusha jinsi mishahara hiyo ilivyo midogo, bila kuhesabu walimu wapya wanaofundisha miaka bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo. Lakini Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 204, imeiweka elimu ya msingi na ya sekondari miongoni mwa mambo ambayo ni ya jimbo peke yake, kwa kufuata kanuni za nchi. Gavana ndiye anayetia saini kila mwaka viwango vya makuta ambayo mzazi wa sekondari atalipa. Ofisi yenye mamlaka ya kumtoza mzazi haiwezi kukosa mamlaka ya kuuliza mtoto wake amefundishwa nini.

Watasema hakuna makuta. Code minier, sheria ya migodi iliyobadilishwa Machi 2018, inasema vingine. Mrabaha wa shaba ni asilimia 3.5, na wa kobalti, tangu itangazwe kuwa madini ya kimkakati, ni asilimia 10. Katika kila dola 100 za mrabaha, 25 ni za jimbo na 15 ni za mtaa, sekta au chefferie ambamo mgodi umo. 10 zinakwenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hayo, kila kampuni inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Kampuni inayouza kwa dola bilioni moja inatoa milioni 3, kila mwaka. Maabara nzuri ya shule, kemikali za mwaka mzima na nyongeza ya walimu kumi wa sayansi haziwezi kumaliza hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Wakiongeza kwamba bei ya madini haitabiriki, nakubali. Mwezi wa Februari 2025 Serikali yenyewe ilisimamisha kobalti isiuzwe nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka. Hiyo ni sababu ya kutenga fungu la elimu mapema na kulifunga, lisingoje kinachobaki baada ya barabara na magari.

Watasema shule zimejengwa. Nimeziona, kama kila mkazi wa mji huu: kuta mpya, bati jipya, jina la mfadhili limeandikwa kubwa. Asante kwa hizo kuta, watoto hawalowi tena. Shida ni kwamba jengo lina sherehe ya kukata utepe, na mwalimu wa kemia hana. Kwa hiyo fedha za cahier des charges, mikataba ya kampuni na wenyeji, zinapenda saruji, maana saruji inapigwa picha. Miaka mitatu baada ya sherehe, chumba kilichoandikwa «Laboratoire» kimegeuzwa stoo ya madawati yaliyovunjika kwa sababu hakuna aliyepanga nani atanunua asidi mwaka wa pili.

Jibu la mwisho ndilo zito zaidi, nami nalipa heshima. Watasema si kila mtoto anafaa Polytechnique. Jimbo linahitaji mafundi umeme, welda, madereva wa mashine kubwa, na kuongea juu ya fakilte za wachache ni kuwasahau wengi. Ni kweli kwamba fundi anahitajika na kwamba kazi yake ina hadhi. Lakini angalieni fundi wa leo kwenye kiwanda cha kuchuja shaba: anasoma michoro, anahesabu mkondo wa umeme, anafuata maelekezo kwenye skrini. Hesabu na usomaji vinavyomkosesha mtoto Polytechnique ndivyo vinavyomkosesha hata ufundi huo, akabaki kibarua wa siku au akaingia shimoni na kreseri, wachimbaji wa mikono. Kuinua sayansi ya sekondari kunawafaa wote wawili. Pia kuna jambo la haki. Mtoto akichagua ufundi kwa kuupenda, tumpongeze. Akiuchagua kwa kuwa njia nyingine ilifungwa tangu darasa la 7 kwa sababu ya mtaa alimozaliwa, hakuchagua kitu, na hakuna hata mmoja kati yenu ambaye angekubali mtoto wake apangiwe hivyo.

6. Haya ndiyo tunayoyaomba, na kila moja lina mwenye kulifanya.

Kwa Proved na waratibu: acheni kutangaza asilimia ya Exetat peke yake. Kubalianeni na UNILU, Chuo Kikuu cha Kolwezi na ISTA Kolwezi ili kila mwaka itangazwe, shule kwa shule, ni wanafunzi wangapi walioingia mwaka wa kwanza na ni wangapi walioumaliza. Vyuo hivyo vina orodha hizo, kwa kuwa kila anayejiandikisha anatoa diploma yenye jina la shule yake. Takwimu hiyo moja itabadilisha kazi ya maprefe kuliko semina yoyote. Sambamba na hilo, anzisheni katika mwaka wa tatu na wa nne wa humanités za sayansi mtihani wa kuandika wa jimbo, wenye maswali machache na marefu, unaosahihishwa na walimu wa shule nyingine. Hauhitaji ruhusa ya kubadilisha Exetat. Unahitaji karatasi na nia.

Kwa Mama Gavana na wabunge: wekeni katika bajeti ya jimbo mstari wenye jina lake, wa nyongeza kwa walimu wa hesabu, fizikia, kemia, biolojia na Kifaransa katika shule za Serikali, kwa orodha iliyo wazi, ulipwe na jimbo na usiongezwe kwenye bega la mzazi. Anzeni na maabara tatu zinazofanya kazi kweli, moja Dilala, moja Manika na moja Fungurume, kila moja ikihudumia shule zote zilizo karibu kwa zamu, ikiwa na umeme, maji na mlinzi wa vifaa anayelipwa. Tatu zinazofanya kazi ni bora kuliko thelathini zilizofungwa kwa kufuli. Na mdai, kwa sauti ya jimbo, walimu wasiolipwa waingizwe kwenye orodha ya Kinshasa.

Kwa wakurugenzi wa kampuni na kamati zinazosimamia asilimia 0.3: katika kila cahier des charges mpya, tengeni fungu la kuendesha maabara na kulipa walimu kwa miaka mitano mfululizo, liwe tofauti na fungu la ujenzi, na litangazwe hadharani. Tena, katika miezi iliyo kati ya Exetat na kufunguliwa kwa vyuo vikuu, fungueni kozi ya matayarisho ya bure kwa watoto wa shule za Serikali wanaoelekea Polytechnique na tiba, nusu ya nafasi zikiwa za wasichana. Wahandisi wenu, Wakongomani na wageni, wanaweza kufundisha humo jioni mbili kwa wiki. Baadhi yenu mnalalamika kwamba hampati wahandisi wa hapa. Hapo ndipo pa kuwatafutia.

Kwa mapadri, wachungaji na wasimamizi wote wa shule za makanisa: mna imani ya wazazi kuliko ofisi yoyote ya Serikali, na mna shule nyingi katika mji huu. Fungueni hesabu za makuta mnayopokea, ili mzazi aone ni kiasi gani kilikwenda kwenye vitabu na vifaa vya sayansi.

Tunaomba jibu kabla madarasa hayajafunguliwa mwezi wa Septemba, na tunaomba liwe la maandishi. Liwe na jina la ofisi itakayoshika kila jambo, kiasi cha makuta kilichotengwa, na tarehe ambayo orodha ya kwanza ya matokeo ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu itabandikwa mahali wazazi wanapoweza kuisoma.

Kwa heshima,
Mwananchi wa Kolwezi